Bima ya bomba la maji kutoka mita hadi nyumbani: nikate ama niache?

#1 BiSalma_Tudor
Assalaam aleikum wanajamvi.

Nyumba yetu ya Tudor, hapa Mombasa, aliijenga marehemu baba, na mita ya maji haiko getini kama za watu wengine. Iko kule chini kando ya barabara, imepangwa pamoja na mita za majirani. Kutoka hapo bomba letu la chuma, robo tatu inchi, linapita chini ya kiwanja cha jirani ambaye sasa ameweka kabro, yale matofali ya kutandika uwanjani, kila mahali, ndipo lifike kwenye tangi letu la chini. Limepinda wapi na wapi hakuna ajuaye, aliyelizika alishafariki.

Sasa wakala aliyekuja kutukatia bima ya nyumba amenishauri niongeze kipengele cha bomba hilo. Likipasuka, kampuni italipa kuchimba, bomba jipya na kurudisha kabro za watu. Ada si kubwa ukiitazama peke yake, lakini ni ya kila mwaka, na mzigo wa nyumba hii niko nao mimi. Mdogo wangu asema ni pesa ya kutupa. Mama asema nikate nilale. Nataka kusikia kwa waliowahi kulipwa, ama kunyimwa.

#2 KijanaKongowea
Waaleikum salaam. Dada, bomba la nje si la kampuni ya maji? Utalipiaje bima kitu cha mwenyewe? Likipasuka wapigie waje.

#3 FundiMakupa
Kijana, hapo umekosea. Kampuni ya maji inaishia kwenye mita. Kuanzia nati ya upande wa pili wa mita mpaka jikoni ni mali ya mwenye nyumba, na kila tone linalopita hapo limeshahesabiwa kwenye bili yake, lifike tangini lisifike. Kwa Bi Salma ndiyo mbaya zaidi, maana mita iko mbali.

Bi Salma, bomba la chuma la enzi za mzee, kwenye ardhi ya Tudor? Nimefukua mengi ya namna hiyo. Mwili wa bomba mara nyingi huukuta ungali na nguvu. Ukifika kwenye soketi, yaani kiungo cha bomba na bomba, pale fundi alipokata nyuzi, ndipo pameoza. Ukikata nyuzi umeondoa zinki iliyokuwa ikikilinda chuma, na udongo wetu huu una chumvi. Huanza kwa jasho, jasho likawa tone, halafu siku ya mgao presha ikirudi kwa nguvu soketi inaachia. Kabla ya kuzungumza bima, jua kwanza una bomba gani.

#4 KijanaKongowea
Sawa fundi, nimekusikia. Lakini mbona kwetu lilipasuka KABLA ya mita, tukaambiwa tununue bomba sisi wenyewe? Walituletea mafundi wa kuunga tu. Kwa hivyo kabla ya mita letu, baada ya mita letu. Lao ni lipi?

#5 MsomaMita_Mstaafu
Nilisoma mita miaka mingi, nieleze kidogo. Bomba kubwa la barabarani ni la kampuni, hilo halina ubishi. Baada ya mita ni la mteja, hilo pia halina ubishi. Mvutano uko kwenye kipande cha katikati, kutoka bomba kubwa hadi mita. Mteja alipoomba kuunganishiwa aliambiwa anunue vifaa, akanunua, akachimbisha. Siku likipasuka yeye asema "nilishawakabidhi", wao wasema "ulinunua wewe". Tafuteni zile karatasi za maombi ya kuunganishiwa, zisomeni. Wengi hawanazo.

Na KijanaKongowea, nyinyi mlipewa mafundi bure? Shukuruni.

#6 MamaAbuu_Mikindani
Jamani mie nawasoma nashangaa. Bima ya bomba, maji yenyewe yako wapi? Huku Mikindani twakaa wiki bomba limekauka, twanunua mitungi kwenye mkokoteni. Bi Salma, hiyo ada ya bima nunua tangi la pili. Maji yakija yajaze yote mawili, hilo bomba likipasuka utakuwa na akiba ya kutumia ukimtafuta fundi.

#7 FundiMakupa
MamaAbuu, mgao ndio unaoyaua mabomba. Bomba linalokaa na maji saa zote hupata presha moja. Hili letu linakauka, linajaa hewa, kisha maji yanarudi yakiisukuma hiyo hewa mbele. Kwenye kona na kwenye viungo panapigwa kama nyundo. Ndiyo maana simu zangu hulia siku ya mgao, siku ya ukame hazilii.

#8 MzeeKibokoni
Fundi kasema kweli lakini si yote. Mimi nakaa Mji wa Kale, nyumba za mawe. Hapa kwetu sababu ni mwamba. Ardhi ni matumbawe, kuchimba futi mbili ni kazi ya siku nzima, kwa hivyo mafundi wa siku hizi wanalifukia bomba kiganja kimoja chini, juu wanapaka saruji. Tuktuk zapita, mikokoteni ya maji yapita, siku moja laja lori la mchanga, basi. Bomba lililozikwa vizuri na kulaziwa mchanga chini na juu lakaa umri wa mtu.

#9 Mdigo_Likoni
Kwetu Likoni si mgao wala lori, ni mizizi. Mti wa mkungu wa jirani uliingia kwenye kiungo cha plastiki, mzizi mwembamba kama uzi ukanenepa humo ndani mpaka ukakipasua. Na usisahau wezi. Mita zile za shaba ziliondoka zote mtaa mzima. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 tulipumua kidogo, Mei wakafungua tena. Bima hiyo yalipa wizi?

#10 MswahiliOhio
Salaam kutoka Columbus, Ohio. Mzaliwa wa Majengo mimi, nawasoma kila siku.

Bima hizi huku ni jambo la kawaida sana. Barua inakuja nyumbani, mara nyingine ina nembo ya mji juu, ukaiona ukadhani serikali yakudai. Ukisoma mpaka chini ndipo waandika kwamba ni kampuni binafsi. Chama cha miji ya Marekani, National League of Cities, kina mpango wake na kampuni ya bima hizi, na baadhi ya miji hupata kamisheni kwa kukubali nembo itumike. Sisemi ni wizi. Nasema jua nani anakuandikia.

Huku pia bomba kutoka barabarani ama kutoka kwenye mita ni la mwenye nyumba, inategemea mji. Kulichimbua ni ghali kwa sababu limezikwa chini sana lisigande wakati wa baridi, na juu yake kuna lami ya mji ambayo lazima uirudishe ilivyokuwa. Ndiyo maana watu hukata. Tena nyingi zina muda wa kungoja, siku 30 hivi, kabla hujaruhusiwa kudai.

Kuna na hili la mabomba ya risasi, ile metali yenye sumu, lead kwa Kiingereza. Baada ya yale ya Flint, Michigan, ya maji ya mji kuingia risasi, yaliyoanza 2014, watu waliamka. Oktoba 2024 shirika la mazingira la huku, EPA, lilitoa kanuni kwamba mabomba ya risasi yaondolewe ndani ya miaka 10. Majirani zangu wakakimbilia bima wakidhani italipa kubadilisha. Hailipi. Bomba la risasi lisilovuja kwao ni bomba zima. Wao hulipa likivunjika ama likivuja, basi. Bi Salma, muulize wakala swali hilohilo: bomba lako likiwa limeoza lakini halijapasuka, watakubadilishia?

#11 ZuweinaNyali
Ahsante ndugu wa Ohio. Niongeze ya Uingereza maana nilikaa huko. Biashara hii ilikua sana kule kupitia HomeServe, iliyoanza 1993 kwa ubia na kampuni ya maji ya South Staffordshire. Februari 2014 msimamizi wa fedha wa huko, FCA, aliwatoza faini ya zaidi ya pauni milioni 30 kwa kuuza kwa njia ya kupotosha na kuyashughulikia vibaya malalamiko ya wateja. Nasema hivi ili Bi Salma ajue kwamba hata mahali penye sheria kali, watu waliuziwa wasichokihitaji.

#12 KijanaKongowea
Pauni milioni 30! Si umekosea sifuri dada? Labda 3.

#13 ZuweinaNyali
Sikukosea. 30 na zaidi.

#14 Ndani_ya_Bima
Habari za jioni wote. Nafanya kazi ya bima hapa Mombasa, nasema wazi mapema, lakini si kwenye kampuni anayoizungumza Bi Salma na sitafuti mteja humu.

Bima ya nyumba ya kawaida hapa Kenya ina sehemu zake: jengo, vitu vya ndani, vitu vya kubebwa, wafanyakazi wa nyumbani, na dhima kwa watu wengine. Kwenye jengo utakuta wameandika "kupasuka ama kufurika kwa matangi na mabomba". Watu husoma hapo wakafurahi. Maana yake ni uharibifu ULIOLETWA na maji: dari limeanguka, kabati limevimba, ukuta umebomoka. Bomba lenyewe lililooza hulipwi, kwa sababu uchakavu umetolewa kwenye mkataba. Kwa hivyo kipengele anachouziwa Bi Salma ni kitu tofauti, na ni adimu hapa kwetu. Akisome neno kwa neno.

Aangalie haya hasa. Uchakavu na kutu vimetolewa ama vimo? Kama vimetolewa, kwa bomba lake la chuma hana bima, ana karatasi. Kikomo cha malipo kwa tukio moja ni kiasi gani, na yeye mwenyewe anaanza kujilipia kiasi gani kabla ya kampuni kuingia? Kabro za jirani zimetajwa kwa jina, ama imeandikwa "eneo la mwenye bima" tu? Na nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, kama familia imesafiri, mikataba mingi husimamisha fidia ya maji.

Jambo la mwisho watu wengi hawaambiwi. Ukikatia jengo la thamani ya milioni 10 bima ya milioni 5 ili ada ipungue, ukipata hasara ya 200,000 utalipwa 100,000. Umejibebea nusu wewe mwenyewe.

Mdigo_Likoni, wizi wa mita uulizwe peke yake. Usikisie.

#15 Mdigo_Likoni
Ahsante. Huyu ndiye wakala wa kumtafuta, anakwambia ni wapi hutalipwa kabla hajachukua pesa.

#16 Ustadh_Majengo
Dada Salma, na hukumu yake uitazame. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni, ilipokaa Jeddah Desemba 1985 ilipitisha kwamba bima ya biashara ya ada maalumu ina gharar kubwa, yaani mashaka kwenye mkataba, na haifai, ikaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana. Kenya tuna takaful, ndiyo hiyo bima ya kusaidiana, tangu 2011. Kama lazima ukate, anzia huko, uwaulize kama wana kipengele hicho.

#17 KijanaKongowea
Ustadh, na kama hawana?

#18 Ustadh_Majengo
Basi kusaidiana hakuhitaji kampuni. Mita zao si ziko pamoja, nyumba kadhaa? Wakae majirani, kila nyumba itoe kiasi kwa mwezi, pesa zishikwe na watu watatu wanaoaminiwa. La nani likipasuka latengenezwa. Hiyo ni takaful yenyewe, na ada haitoki nje ya mtaa.

#19 MamaAbuu_Mikindani
Ustadh wazo zuri, lakini mie nimekaa kwenye chama cha maji. Mwaka wa kwanza raha. Bomba la mwenye nyumba ya mwisho, ambalo ndilo refu, likapasuka mara mbili, wenye mabomba mafupi wakaanza kununa. "Kwa nini nilipie umbali wa mtu?" Chama kikafa na salamu zikapungua. Mkianza, pangeni michango kwa urefu wa bomba.

#20 MzeeKibokoni
Zamani hakukuwa na mambo haya. Maji ya chemchemi za Mzima yalipoingia, wakati huo ni mkoloni, miaka ya 50, bomba lilitembea zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo Magharibi mpaka hapa, na mji ulikuwa na watu wachache. Bomba la mtaani lilikuwa na maji mchana na usiku.

#21 KijanaKongowea
Mzee, si maji yetu yatoka Baricho?

#22 MzeeKibokoni
Baricho ni visima vya kando ya mto Sabaki, vilikuja baadaye. Kuna Mzima, kuna Baricho, kuna Marere na Tiwi upande wa Kwale. Inategemea unakaa wapi. Na yote yakijumlishwa hayafiki nusu ya mahitaji ya mji. Twalingoja bwawa la Mwache.

#23 MsomaMita_Mstaafu
Na machache hayo yanayofika, mengine yanapotea njiani. WASREB, msimamizi wa huduma za maji nchini, huandika kwenye ripoti zake kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa nchini hayalipiwi: mivujo, wizi, mita mbovu. Lakini yakishapita mita ya Bi Salma yakavuja, hayo hayamo kwenye hesabu ya hasara ya kampuni. Hayo yeye ameyanunua. Kampuni haina haraka nayo.

Bi Salma, bili yako ikoje?

#24 BiSalma_Tudor
Nawashukuru wote, nasoma kila neno. Bili imepanda tangu mwezi wa Ramadhani na haikushuka. Nilidhani ni wageni na mapishi. Kuna aliyeniambia ni hewa, kwamba maji yakirudi hewa huizungusha mita.

#25 MsomaMita_Mstaafu
Hewa huizungusha, sikatai, nimeiona kwa macho. Lakini mtaa mzima wapata hewa ileile. Ikiwa bili yako imepanda peke yako, usiisingizie hewa.

Fanya hivi. Siku ya mgao, maji yakiwa yanatoka, funga geti valvu ya kuingilia tangi, hakikisha floti haivuti, hakuna bomba lolote lililo wazi kabla ya tangi. Nenda kwenye mita na tochi. Kuna kigurudumu kidogo chenye meno katikati ya uso wa mita, si zile namba. Kikizunguka, hata polepole, maji yanakwenda mahali. Piga picha namba, rudi baada ya saa moja, piga tena.

#26 FundiMakupa
Na usidharau kidogo. Tundu la lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku. Kwa mgao wa siku mbili kwa wiki, mwezi umepoteza kama uniti 12, yaani mitungi 600 ya lita 20. Chururu si ndo ndo ndo.

Kisha kuna ambalo watu hawalitaji. Tundu linalotoa maji presha ikiwapo, bomba likikauka huvuta. Lavuta nini? Kilichoko nje yake. Kama limepita karibu na shimo la choo la jirani, wewe wajua. Hilo bima gani italilipa?

#27 ZuweinaNyali
Fundi umenitisha kweli, lakini ni haki yasemwe. Bi Salma chemsheni maji mpaka mjue.

#28 BiSalma_Tudor
Nimerudi. Maji yalikuja alfajiri, nikafunga valvu kama alivyoelekeza mzee wa mita. Nimeshuka na mwanangu na tochi. Kigurudumu kinazunguka. Si kwa kasi, lakini hakisimami. Namba nyekundu ya mwisho ilikuwa 3, tulipokwisha kuitazama ilikuwa imepita 7.

Kwa hivyo lavuja. Wakala anakuja Jumatatu kuchukua fomu. Nisaini kwanza ama nitengeneze kwanza?

#29 Mdigo_Likoni
Saini kwanza, ngoja huo muda wao upite, kisha toa taarifa. Wao nao hawakuonei huruma.

#30 Ndani_ya_Bima
Bi Salma tafadhali usifanye hivyo. Fomu ina swali kuhusu hitilafu unayoijua. Ukiandika "hakuna" na wewe umeshapiga picha za mita, mkataba wote waweza kubatilishwa, si wa bomba tu, mpaka wa jengo. Moto ukitokea mwakani wakafukua hilo, umepoteza nyumba kwa ajili ya bomba. Na uzi huu uko wazi kwa kila mtu.

#31 Ustadh_Majengo
Na ni uongo, Mdigo. Tusimfundishe mtu.

#32 Mdigo_Likoni
Nimesikia Ustadh. Lakini niambieni, aliyelipa miaka yote bila kudai, pesa zake zarudi?

#33 FundiMakupa
Ushauri wangu mimi: usilifukue lile la zamani. Liache lilale chini ya kabro za jirani. Piga laini mpya ya polipaipu, bomba la plastiki linalopindika, inayokuja kwa roli moja, bila kiungo hata kimoja kati ya mita na tangi, ipitie kando ya ukuta wa njia, futi mbili chini, mchanga chini na juu. Weka valvu baada ya mita na nyingine kabla ya tangi. Piga picha mtaro kabla ya kufukia na upime kwa hatua kutoka ukutani, wajukuu wajue. Gharama kubwa ni kuchimba mwamba, bomba lenyewe si ghali. Ukishafanya hivyo hiyo bima ya nini?

#34 MzeeKibokoni
Ya lori la mchanga, fundi.

#35 Ndani_ya_Bima
Mzee amenijibia. Bomba jipya ndilo linalofaa kukatiwa bima, maana likivunjika hakuna atakayesema ni kutu. La zamani mtabishana kila mara.

#36 MamaAbuu_Mikindani
Nyinyi watu wa bima! Bomba bovu hamlitaki, bomba zima mwataka ada yake.

#37 MswahiliOhio
MamaAbuu, huku pia ni hivyohivyo 😂 Mimi sikukata. Naweka kiasi kilekile cha ada kwenye akaunti ya pembeni. Jirani yangu alikata, lake likapasuka wakamlipa karibu zote. Kila mmoja wetu aona ameshinda.

#38 MsomaMita_Mstaafu
Fundi, hiyo njia ya kando ya ukuta ni ya nani? Ikiwa ni ya kaunti ataombea kibali cha kuchimba, na pengine alipie kuirudisha. Ikiwa ni ya jirani aandikiane naye. La zamani lilipita kwake kwa mdomo tu, ndiyo maana leo lina kabro juu.

#39 BiSalma_Tudor
Ni njia ya kupita watu wote, imepita pale tangu utoto wangu. Karatasi sijaiona. Kesho nitamuuliza mama, kisha niende ofisi ya ardhi nitazame ramani. Wakala nimemwambia angoje, ameniambia ofa inaisha mwisho wa mwezi.

#40 ZuweinaNyali
Ofa ya bima inayoisha mwisho wa mwezi mwezi ujao itakuwepo. Usikimbizwe dada.

#41 Mpangaji_Bamburi
Samahani kuingilia. Mimi ni mpangaji, mita ni ya jina la mwenye nyumba lakini bili nalipa mimi. Nimefanya kama alivyosema mzee wa mita, na kigurudumu kwangu pia kinazunguka. Mwenye nyumba asema bomba ni langu maana maji nayatumia mimi. Ni kweli?

#42 KijanaKongowea
Wewe fungua uzi wako, huu bado haujaisha. Lakini hapana, si kweli.

#43 MsomaMita_Mstaafu
Inategemea mkataba wako wa kupanga umesemaje. Uweke hapa, ufiche majina.